Nuksi ya bei ya kwanza: kwa nini laana ndogo huangusha safari nzima mezani

Manju alikuwa amesimama ufukweni mbele ya mtumbwi mpya, na fundi akataja bei: vipande 60 vya fedha. Hayo yalikuwa ndani ya mchezo wetu wa kusimulia hadithi kwa dadu. Sebuleni kwetu, mtaa wa Isamilo hapa Mwanza, sahani ya chapati ikasimama hewani kati ya mkono na mkono. Kila mtu pale mezani alijua mtumbwi ule haufiki hata 25. Dada anayemcheza manju akafungua mdomo abishane, nami, mwenye meza ninayeuongoza mchezo, nikamkumbusha kwa upole maneno aliyoyaandika pembeni ya karatasi yake vikao viwili nyuma: huwezi kukataa bei ya kwanza. Akaweka kalamu chini.

"Nalipa," akasema.

Ile ilikuwa laana ndogo kuliko zote nilizowahi kuzitoa. Haikumpunguzia manju nguvu wala haikumtoa damu. Sauti yake ilibaki nzuri, zeze lake liliendelea kulia. Lakini vikao sita baadaye kundi zima lilikuwa halina mtumbwi, halina chumvi, lina deni kwa mwenye bandari, na kuhani wao alikuwa amewekwa rehani. Katika safari hiyohiyo, kuhani naye alikuwa amepata laana kubwa, ya kutisha kweli: mkono wake wa kulia uligeuka jiwe. Hiyo ilidumu kikao kimoja tu.

Nimekuwa nikiliwaza jambo hili tangu wakati ule, kwa sababu linakwenda kinyume na tunavyotarajia. Laana kubwa iliisha haraka, ndogo ikala kila kitu. Nadhani sasa ninaelewa kwa nini, na ningependa wenye meza wengine waelewe pia kabla hawajaandika laana zao.

Kwa ambaye hajawahi kukaa kwenye meza ya namna hii: ni mchezo wa kusimulia pamoja. Mtu mmoja, mwenye meza, anaushika ulimwengu wa hadithi, yaani miji yake, hali ya hewa, wafanyabiashara, walinzi na wanyama wakali. Wengine, kwa kawaida watatu hadi watano, kila mmoja anashika mhusika mmoja na kusema anachotaka kukifanya. Jambo likiwa na mashaka, dadu ndiyo inayoamua. Inayotumika zaidi ina pande 20: unairusha, unajumlisha uwezo wa mhusika wako, na ukiifikia namba iliyowekwa, umefaulu. Mchezo uliozaa michezo mingine yote ya aina hii ni Dungeons & Dragons, uliotolewa Marekani mwaka 1974 na Gary Gygax na Dave Arneson. Gygax aliishi Lake Geneva, mji mdogo wa kando ya ziwa katika jimbo la Wisconsin, na sisi tunaorusha dadu huku Ziwa Victoria likionekana dirishani tunalipenda jambo hilo. Kanuni nitakazozitaja ni za toleo la 5, la mwaka 2014, kwa sababu ndilo tunalolichezea. Ulimwengu wa hadithi ni wetu wenyewe: ziwa la kubuni, visiwa, watemi, na majabali yaliyopandana kama ya hapa Mwanza.

Jambo la kwanza la kutengua ni neno lenyewe. Kitabu cha kanuni kina neno moja tu kwa mambo haya yote. Kiswahili kina laana, mkosi, nuksi, kisirani, na hakuna mzee atakayeyachanganya. Laana ina kinywa. Hutamkwa na mzazi, na mkubwa, na aliyedhulumiwa, na aliyeitamka ndiye mwenye ufunguo wake. Mkosi huja kama mvua ya ghafla ziwani, hauna mwenyewe wa kumwendea. Nuksi hukaa ndani ya kitu au ndani ya siku. Kisirani humganda mtu hadi wenzake wakaona heri wasipande naye chombo kimoja. Laana ndogo ya mezani, ile iliyotengenezwa vizuri, ina asili ya laana na tabia ya nuksi: imetoka kinywani mwa mtu fulani mwenye sababu, lakini inafanya kazi yake kimyakimya, siku hadi siku, kwenye mambo ambayo mtu hayatazami mara mbili.

Sasa turudi kwenye ule mkono wa jiwe.

Katika toleo la 5 kuna uganga maalumu wa kuondoa laana. Ni wa daraja la 3 la nguvu za uganga, na kuhani huupata mhusika wake akikua hadi ngazi ya 5. Akiugusa mwili wa mwenye laana, laana zote zilizomkalia hukoma. Hakuna dadu, hakuna masharti magumu. Tatizo liko kwenye hesabu. Kuhani wa ngazi ya 5 ana nafasi 2 tu za uganga wa daraja la 3 kwa siku, mpaka alale usiku mzima. Na katika daraja hilohilo la 3 upo uganga mwingine, ule wa kumrudisha mwenzako aliyekufa kabla dakika 1 haijapita, unaotaka almasi zenye thamani ya vipande 300 vya dhahabu. Zaidi ya hapo, kila asubuhi kuhani lazima achague ni uganga upi atakaokuwa nao tayari siku hiyo, na hawezi kuchukua wote.

Jiweke mahali pake. Umeamka na mkono wa jiwe: utauandaa uganga wa kuondoa laana kabla hujanawa uso. Hakuna wa kukuuliza. Lakini mwenzako hawezi kubishana bei, na mbele yenu kuna pango lenye mamba wa mizimu. Je, utachoma nafasi moja kati ya mbili, ile ambayo ingemrudisha mtu kutoka kaburini, ili manju anunue maharage kwa bei nafuu? Hakuna kundi litakalofanya hivyo. "Tutaiondoa kesho," walisema. Kesho kulikuwa na dhoruba. Kesho yake walikuwa njiani. Siku tulivu zilikuwepo pia, siku ambazo nafasi zote mbili zililala bila kutumika, ila siku hizo walisahau, maana hapakuwa na kinachouma. Mdharau mwiba, mguu huota tende. Kuhani alipowekwa rehani kwa ajili ya deni la bandari, yule peke yake aliyeweza kuiondoa laana kwa kugusa akawa yuko kisiwa kingine, amefungiwa ghala la mtu.

Kwa hiyo laana kubwa hujiondoa yenyewe, kwa maana ya kwamba huita dawa yake kwa sauti. Ndogo haiiti mtu.

Hesabu ya mara ngapi

Sababu ya pili inahitaji hesabu kidogo, na ninawaomba wasiopenda namba wavumilie, kwa sababu hapa ndipo wenye meza wengi wanapojidanganya.

Chukua laana inayopunguza 1 tu kwenye kila dadu ya mhusika. Dadu ina pande 20, kwa hiyo kuna upande mmoja tu ambao ungekupa ushindi na sasa unakunyima. Hiyo ni asilimia 5. Mchezaji husikia asilimia 5 akainua mabega. Lakini mezani kwetu, kikao cha saa nne hivi, mhusika mmoja hurusha dadu kama mara 14. Nafasi ya kuponyoka mara zote 14 ni 0.95 ikizidishwa kwa yenyewe mara 14, nayo inatoa takriban asilimia 49. Maana yake ni kwamba, usiku wowote ule, ni zaidi kidogo ya nusu kwa nusu kwamba kale ka-1 kataangusha jambo moja lililokuwa limeshafaulu. Zikiwa dadu 20, nafasi ya kuangushwa angalau mara moja inapanda hadi asilimia 64.

Aina nyingine ya laana inayopendwa katika toleo hili ni ile ya kurusha dadu mbili na kuchukua iliyo ndogo. Watu huiona nyepesi kwa sababu haina namba iliyoandikwa. Si nyepesi. Jambo lililohitaji 11 au zaidi, ambalo ungelifaulu mara 50 katika 100, sasa unalifaulu mara 25. Lililohitaji 6 au zaidi linashuka kutoka 75 hadi 56. Na jambo gumu, lililohitaji 16 au zaidi, linashuka kutoka 25 hadi 6. Mwenye laana hiyo anaendelea vizuri kidogo kwenye mambo rahisi, kisha siku ya siku, pale alipotegemewa, anakuwa kama hayupo.

Lakini angalia: nuksi ya bei ya kwanza haina hata dadu. Hakuna asilimia 5, hakuna 25. Kila bei ya kwanza inapita, bila kukosa. Na kundi la wasafiri hutajiwa bei mara ngapi kwa kikao kimoja? Nilianza kuhesabu baada ya ule mtumbwi. Chakula, kamba, kuvushwa, kulala, habari za njia, mafuta ya taa. Ilikuwa mara tano kwa usiku wa kawaida, na mara tisa usiku mmoja walipofika mjini. Mkono wa jiwe ulikuwa mzito mara moja. Bei ya kwanza ilikuwa nyepesi mara arobaini.

Ndiyo maana siku hizi nikitaka kujua ukubwa wa laana sijiulizi inauma kiasi gani. Ninajiuliza usiku huu itamgusa mara ngapi.

Inategemea imetua wapi

Hapa ndipo ninapotaka kukaa zaidi, kwa sababu ni jambo ambalo vitabu vya kanuni, vilivyoandikwa mbali na huku, haviwezi kutuambia.

Nenda Mwaloni pale Kirumba asubuhi, dagaa wakiwa wamemwagwa kwenye magunia na wanunuzi wamekuja kutoka mpaka Rwanda na Kongo. Bei ya kwanza unayotajiwa pale haijawa bei bado. Ni salamu. Muuzaji anakukaribisha kwenye mazungumzo, anapima kama unayajua magunia, kama dagaa wa mchangani unawatofautisha na waliokaushwa juu ya kichanja, kama utarudi wiki ijayo. Wewe unashtuka, yeye anacheka, unaondoka hatua tatu, anakuita. Katika kuitana huko ndimo urafiki wa biashara unamozaliwa. Mtu asiyeweza kukataa bei ya kwanza hajapoteza fedha tu. Ameondolewa kwenye mazungumzo ya mji mzima. Wauzaji wanaojiheshimu wanamwona mgeni au mpumbavu, na wasiojiheshimu wanamwona mvua ya baraka.

Na habari husafiri. Mnunuzi akionekana habishani saa moja asubuhi, ikifika saa nne hata muuza kamba wa mwisho anajua. Niliuchukua ukweli huo nikauweka kwenye ulimwengu wetu kama ulivyo. Kikao cha kwanza baada ya mtumbwi, bei zilipanda mara mbili kila manju alipotokea. Kikao cha pili wakaanza kumficha, mwenzake mpiga mishale ndiye anunue, lakini wauzaji wakawa wanamtafuta manju kwa macho nyuma ya kundi na kumtajia yeye bei juu ya mabega ya wengine. Kikao cha nne mwenye bandari, mtu mwenye akili, akamwita manju pembeni akamtajia riba. Riba nayo ni bei. Ndivyo kuhani alivyokwenda rehani.

Ungeiweka laana hiyohiyo katika mji wa maduka yenye bei zilizobandikwa, ingekuwa si kitu. Mchezaji angeisahau. Ukubwa wake wote ulitoka kwa mahali ilipotua.

Nina ushahidi wa upande wa pili pia. Mwanzoni kabisa nilimpa mpelelezi wa kundi laana ya kunuka dagaa, nikidhani nimemaliza kazi: mtu wa kujificha anayenuka atajifichaje? Kanuni ilikuwa ile ya dadu mbili kuchukua ndogo kila anaponyemelea. Haikufanya lolote. Kwanza, toleo la 5 lina kanuni ya kundi: mnaponyemelea pamoja, nusu yenu mkifaulu, wote mmefaulu, kwa hiyo wenzake walimbeba. Pili, tulikuwa ufukweni. Kwenye mwalo kila mtu ananuka dagaa. Wachezaji walinieleza hilo wakicheka, na walikuwa sahihi. Laana ile ililala vikao vinne vizima. Iliamka walipopanda bara hadi kwa mtemi wa ng'ombe, siku nne kutoka majini, mahali ambapo dagaa ni hadithi, na mpelelezi akaingizwa ukumbini kama mgeni wa heshima. Mbwa wa mtemi waliacha kila walichokuwa wakifanya.

Laana iliyomgusa kila mtu isipokuwa mwenyewe

Huyohuyo mpelelezi baadaye alipata laana ninayoipenda kuliko zote. Alimpita bibi mmoja mpanda mtama bila kumsalimia, kwa haraka tu, na yule bibi akasema: "Basi salamu zikutangulie." Kuanzia hapo, akisalimiwa, lazima aitikie, na aitikie mpaka salamu iishe.

Anayejua salamu za Kisukuma anajua "iishe" ni neno zito. Kuna kuulizana ya asubuhi, ya nyumbani, ya watoto, ya ng'ombe, ya mvua, na kila moja ina jibu lake na subira yake. Mwenyewe hakuumia hata kidogo, kwa kweli alikuwa mtu mwenye adabu zaidi nchini. Waliopata tabu walikuwa wenzake.

Usiku ule walikuwa wamejibanza nyuma ya jabali kando ya zizi, wakitaka kuingia ghalani kumtoa mateka. Kokoto ikateleza. Mlinzi, mzee wa makamo, akageuka. Nilikuwa na uchaguzi pale: angeweza kupiga yowe au kuchomoa mkuki. Lakini alikuwa mzee aliyelelewa vizuri, yuko peke yake gizani, amesikia kitu. Akasema, "Mwadila."

Mezani hakuna aliyepumua. Kijana anayemcheza mpelelezi aliniangalia kwa muda mrefu, kisha, kwa sauti ya chini kabisa, akasema: "Mwadila."

"Mhola?"

"Mhola duhu."

Waliendelea hivyo kwa dakika kumi za kweli, si za mchezo. Wenzake watatu wakiwa wameshikilia pumzi nyuma ya jiwe, mpelelezi alieleza hali ya ng'ombe asiokuwa nao na watoto ambao ilibidi awabuni mmoja mmoja. Kufikia mwisho wa salamu yule mlinzi alikuwa amemkaribisha kwenye moto. Mpango wa kumtoa mateka kwa siri ulikufa palepale. Ukaja mpango mwingine, ambao hakuna aliyekuwa ameuandika, wa kukaa na mzee yule hadi usingizi umchukue, na katika kukaa huko wakagundua kuwa mateka ni mkwe wake.

Laana inayomuumiza mwenyewe humpa mchezaji mmoja huzuni. Inayowagusa wenzake hulipatia kundi jambo la kufanya pamoja. Nikitakiwa kuchagua, nachagua ya pili kila mara.

Upanga unaong'ang'ania

Si kila laana ndogo ina faida, na nimeshaona meza zikivunjika kwa sababu yake. Katika matoleo ya zamani ya mchezo huu kulikuwa na panga zenye hasi, yaani zinazopunguza dadu yako badala ya kuiongezea, kwa mfano upanga wa hasi 2: unauokota, unaonekana mzuri, kisha vitani unakugeuka, na mkono haukubali kuuachia. Hata katika toleo la 5, uganga wa kutambua vitu haukuonyeshi laana iliyomo, na hata ukiondolewa laana, kinachokatika ni kifungo kati yako na kile kitu tu. Kitu chenyewe kinabaki na laana yake, kinamngoja mwingine.

Kisichonipendeza katika panga hizi ni kwamba hazina kinywa. Hakuna aliyedhulumiwa, hakuna neno lililosemwa, kuna adhabu tu kwa mtu aliyeokota kitu. Mchezaji akiadhibiwa mara mbili kwa udadisi, mara ya tatu haokoti. Anaanza kugusa kila kitu kwa fimbo ndefu, anawatuma mateka watangulie, na ile hamu ya kuona kilichopo nyuma ya mlango inakufa. Mimi humwambia mchezaji laana yake waziwazi na kumtaka aiandike. Mhusika anaweza asijue. Mchezaji ajue, ili aweze kuicheza vizuri. Ninachoficha ni chanzo chake.

Pia kuna laana zinazomnyima mtu zamu: bubu, usingizi, kugeuzwa jiwe zima. Mtu amepanda daladala kutoka Buhongwa, amepigwa na jua, amefika, halafu anakaa saa tatu akitazama wenzake wakicheza. Hiyo si laana ya mhusika tena, ni ya mgeni wako. Vilevile sitoi kigugumizi, kilema au upofu kama laana, kwa sababu wapo watu wanaoishi na hali hizo na hawajalaaniwa na yeyote.

Na lipo jambo moja ambalo halitaingia mezani kwangu kabisa. Katika Kanda hii ya Ziwa vikongwe wameuawa kwa kuitwa wachawi, na alama iliyowahukumu mara nyingi ilikuwa macho mekundu, macho yaliyowiva kwa moshi wa miaka mingi ya kupika kwa kuni na samadi. Watu wenye ualbino wamewindwa kwa ajili ya viungo vyao. Hizi si hadithi za watu wa mbali. Mmoja wa wachezaji wangu ana bibi aliyehama kijiji kwa sababu ya neno moja lililosemwa kisimani. Kwa hiyo nilipomweka yule bibi wa mtama, nilisimama kwanza nikawauliza wote kama wako radhi, na nikahakikisha hana ukichaa, hana vibuyu, hana macho ya kutisha. Ni mkulima aliyepitwa bila salamu. Hakuna mhusika aliyeruhusiwa kumwita mchawi, na hakuna aliyetaka. Katika ulimwengu wetu anayelaani ni mtu anayedai, na laana yake ni deni.

Kulitazama kama deni kumetupa pia njia ya kutoka. Ule uganga wa daraja la 3 upo na sijaufuta. Lakini kwa mila nyingi za huku, laana huondolewa na aliyeitoa: unamwendea, unaomba radhi, anachukua maji kinywani na kuyapuliza. Kwa hiyo kila laana ninayoiandika, kabla ya kuandika inafanya nini, naandika imetoka kwa nani, na huyo mtu yuko wapi sasa.

Nuksi ya bei ya kwanza ilitoka kwa mpiga kasia. Aliwavusha usiku kucha kwenye mawimbi, akataka vipande 8 vya fedha. Manju, kwa nyimbo na mizaha, alimshusha hadi 2. Yule mtu alipokea kwa sababu mtoto wake alikuwa anaumwa na hakuwa na muda wa kubishana. Akasema tu: "Na wewe usiweze kukataa, kama nilivyoshindwa mimi." Mezani tulicheka siku ile. Iliwachukua vikao vinane kumkumbuka.

Walimkuta ameketi juu ya jiwe, hana nyavu. Aliziuza kwa ajili ya dawa. Mtoto amepona. Akaulizwa anadai nini, akasema 8. Manju akalipa zile fedha, karibu zote walizokuwa nazo, nami nikadhani kikao kimekwisha. Lakini yule dada hakuinua mkono wake kutoka kwenye karatasi.

"Hiyo nilikuwa sina uwezo wa kuikataa," akasema. "Nitajie nyingine, ambayo naweza."

Sikuwa nimejiandaa. Ilibidi nifikirie yule mtu angesema nini. Akataja bei ya nyavu zake: 20. Manju hakuwa na 20. Alishusha zeze begani, akaliweka kwenye jiwe.

Mpiga kasia alichota maji ya ziwa kwa kiganja, akayatia mdomoni, akayapuliza. Sikumwambia mtu yeyote mezani kama laana imetoka. Kikao kilichofuata walikwenda sokoni kutafuta chumvi, kuhani bado yuko rehani, mfuko wao una vipande vitatu. Muuza chumvi akamtazama manju, akatabasamu kama mtu aliyesikia habari zake, akataja bei. Tukamngoja. Umeme ulikuwa umekatika, tulikuwa na mshumaa mmoja, na niliuona uso wake ukisita.

"Punguza kidogo, mama," akasema.